Kabla hujasema 'mtoto kabemendwa', angalia kadi ya kliniki

Kuna neno ambalo mama anayenyonyesha hapa kwetu haambiwi usoni. Linasemwa akishapita. Linasemwa kwenye benchi la kliniki, kwenye foleni ya maji, uani wakati wa kufua: "Yule mtoto kabemendwa."

Waliosema wamemwona mtoto mwembamba, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, ana miezi 10 na bado hajakaa vizuri. Hawajamwuliza mama chochote. Kadi ya kliniki hawajaiona. Lakini kesi imeshasikilizwa na hukumu imeshatoka.

Kwa mzazi kijana ambaye hajakutana na neno hili, maelezo ni haya. Kubemenda ni imani kwamba mtoto anayenyonya hudhoofika kwa sababu ya tendo la ndoa la wazazi wake. Wapo wanaosema mama akikutana na mumewe kabla mtoto hajaacha ziwa, mbegu za mwanaume zinaingia kwenye maziwa na kuyachafua. Wapo wanaosema baba na mama wakiwa wenyewe kwa wenyewe hakuna neno, tatizo ni mmoja wao akitoka nje ya ndoa kisha akarudi kumshika mtoto bila kuoga. Na wapo wanaolitumia kwa mama aliyeshika mimba nyingine huku mtoto bado ananyonya. Kila mahali wana namna yao ya kulieleza, lakini mwisho wake unafanana: mtoto amedhoofika, kwa hiyo kuna mtu amefanya jambo. Na mtu huyo, karibu kila mara, anakuwa mama.

Leo naomba tuliongelee bila kuzungukazunguka, kwa sababu neno hili linafanya mambo mawili kwa mkupuo. Linambebesha mama hatia, na linamchelewesha mtoto kufika kwa daktari. La kwanza linaumiza. La pili linaweza kuua.

Wanayoniandikia wasomaji

Niliwahi kuandika hapa kuhusu kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Nilitegemea kuulizwa maswali ya chuchu kuuma na maziwa kutotoka. Yalikuja, lakini ujumbe mwingi kuliko niliotarajia ulikuwa wa kubemenda. Nitataja mitatu, bila majina.

Wa kwanza ni mama mwenye mtoto wa miezi 4. Alipojifungua, mama mkwe alikuja kumsaidia, akamhamishia mwanawe sebuleni na kusema atarudi chumbani mtoto akianza kutembea. Sasa baba huyo anarudi nyumbani usiku wa manane, siku nyingine harudi. Mke akiuliza, jibu liko tayari: "Kwani unataka tumbemende mtoto?"

Wa pili aligundua mumewe ana mwanamke mwingine. Jirani akamwambia maziwa yake yameshakuwa sumu, amwachishe mtoto haraka. Mtoto alikuwa na miezi 5. Akaanza kununua maziwa ya ng'ombe, na kwa kuwa bei ilimshinda, akawa anayaongeza maji. Ndani ya wiki chache mtoto akaanza kuharisha na kukonda. Mtaa mzima ukasema: mnaona sasa, kabemendwa kweli.

Wa tatu ni baba, dereva wa malori ya masafa. Mtoto wake ana mwaka na miezi 3, hawezi kukaa bila kushikiliwa, na shingo ilichelewa kukaza. Ndugu zake wanamwambia mkewe alifanya mambo yeye akiwa safarini. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, kuna kipimo cha kujua kama ni kweli?"

Nilimjibu kwamba vipimo vipo, lakini si vya mkewe. Ni vya mtoto.

Maziwa yanatengenezwa wapi

Tuanze na mwili wenyewe, kwa sababu hofu nyingi hapa inatokana na kutojua njia zinavyopita.

Maziwa ya mama hutengenezwa ndani ya titi, kwenye vifuko vidogo sana ambavyo huchukua maji, sukari, mafuta na protini kutoka kwenye damu ya mama. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama hupata taarifa na kutoa vichocheo viwili: kimoja kinaagiza maziwa mengine yatengenezwe, kingine kinayasukuma yatoke. Ndiyo maana mtoto anavyonyonya zaidi ndivyo maziwa yanavyoongezeka.

Mbegu za mwanaume huingia kwenye njia ya uzazi na huishia huko. Hakuna mfereji unaotoka kwenye mji wa mimba kwenda kwenye titi. Tendo la ndoa halibadilishi maziwa kuwa machafu, mepesi wala yenye sumu, liwe la ndani ya ndoa au la nje. Jasho la baba halina nguvu ya kulegeza miguu ya mtoto.

Na maziwa ya mama mjamzito je? Nayo si sumu. Mimba ikiendelea kukua, maziwa mara nyingi hupungua na ladha yake hubadilika, kwa hiyo watoto wengine huacha wenyewe. Lakini mama mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi ale vizuri zaidi na mtoto apimwe uzito mara kwa mara. Aliyewahi kupata uchungu kabla ya wakati, au anayetokwa damu, amwone daktari kwanza. Na mtoto akiwa hajafikisha miezi 6, mama asimwachishe ghafla kwa kusikia tu kwamba ana mimba. Aende kliniki apate ushauri.

Basi ni nini kinachomdhoofisha?

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wenzangu mtulie. Wanaosema "kabemendwa" hawajaota. Wameona kitu cha kweli: mtoto haongezeki. Walichokosea ni sababu.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania Bara na Visiwani wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Hao ni karibu theluthi moja. Ukitaka kuwaeleza wote kwa neno hili, itabidi umtuhumu mama katika karibu kila nyumba ya tatu.

Sababu zinazojulikana ni nyingine. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo. Mtoto aliyepewa maji na uji mwezi wa pili, akawa anaharisha kila baada ya siku chache. Mtoto aliyefikisha miezi 6 akapewa uji mwepesi wa mahindi peke yake, unaojaza tumbo bila kujenga mwili. Malaria ya kurudiarudia. Minyoo. Kifua kikuu, ambacho kwa mtoto mdogo hujificha sana. VVU ambavyo havijapimwa. Moyo wenye tundu. Selimundu, ugonjwa wa damu ambao nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa nao.

Kuna na wale ambao tatizo lao si chakula kabisa. Mtoto ambaye kichwa kinazidi kukua haraka anaweza kuwa na maji yaliyojaa kichwani, na hilo linafanyiwa upasuaji hapahapa nchini, pamoja na Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili. Kila mwezi unaopotea kwa kumwogesha dawa za majani ni mwezi ambao ubongo wake unabanwa. Mtoto ambaye shingo haikazi na viungo vinalegea au kukakamaa anaweza kuwa na mtindio wa ubongo, ambao mara nyingine hutokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au manjano makali ya siku za mwanzo. Huyo anahitaji mazoezi ya viungo, na akianza mapema anafika mbali zaidi. Mtoto mwenye matege anaweza kuwa anahitaji jua na vitamini D.

Magonjwa haya yote, kwa macho ya jirani aliyesimama mlangoni, yanafanana: mtoto mwembamba, mlegevu, asiyechangamka. Kwa macho ya daktari ni magonjwa tofauti, na mengi yana tiba. Ukiyaita yote kwa jina moja, umeyafungia mlango wote kwa mpigo.

Waghana walilionaje

Kuna kisa kimoja ambacho hunifikirisha kila ninapolisikia neno hili.

Miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaica, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Aliona watoto wengi waliovimba miguu, ngozi ikibanduka, nywele zikibadilika rangi. Walikuwa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi. Aliwasikiliza wenyeji, watu wa kabila la Waga, akakuta wana jina la hali hiyo. Mwaka 1935 akalitumia jina hilo katika jarida la kitabibu, na dunia nzima ikalichukua: kwashiorkor. Sisi tunaita kwashakoo, au unyafuzi.

Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa.

Tazameni hapo. Wazee wa Ghana na wazee wetu walimtazama mtoto yuleyule. Wote waliona kwamba mimba nyingine ikija haraka, aliyekuwa akinyonya anaanza kufifia. Jina la kule linaeleza kilichompata mtoto: amepoteza nafasi yake kwenye ziwa na hakupata chakula cha kuifidia. Jina letu linamtafuta mkosaji. Jina la kule lilimwongoza daktari kwenye sahani ya mtoto. La kwetu linatupeleka chumbani kwa wazazi wake.

Wazee walichokuwa nacho

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nawadharau wazee. Ukiivua imani hii tuhuma zake, ndani yake unakuta mambo ambayo wahudumu wa afya wanayafundisha hadi leo.

La kwanza ni kupumzika. Mama aliyejifungua ana kidonda ndani hata kama alizaa kwa njia ya kawaida. Arobaini ya wazee haipishani sana na wiki 6 ambazo wahudumu wa afya wengi hushauri mama asubiri, kisha achunguzwe. Zikipita na akawa mzima, na mwenyewe yuko tayari, hakuna sababu ya kitabibu ya kumzuia kuwa na mumewe kwa sababu tu ananyonyesha.

La pili ni kuachanisha watoto. Wazee hawakuwa na vijiti wala sindano, kwa hiyo njia yao ilikuwa kuwatenganisha wazazi. Lengo lilikuwa zuri: mtoto anyonye ashibe kabla mwingine hajaja. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na mtoto anyonye hadi miaka 2 au zaidi. Leo tunaweza kulifikia lengo hilo bila kumhamishia baba sebuleni. Kunyonyesha kwenyewe ni kinga ya zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto ana chini ya miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na mama hajaanza kuona siku zake. Sharti moja likivunjika, tafuteni njia nyingine. Vijiti, kitanzi, vidonge vyenye kichocheo kimoja na kondomu haviharibu maziwa. Vidonge vya kawaida vyenye vichocheo viwili husubiri hadi mtoto afikishe miezi 6. Mhudumu wa uzazi wa mpango atawaeleza kipi kinawafaa, na ni vizuri zaidi mkienda wote wawili.

La tatu ni uaminifu. Waliosema kutoka nje ya ndoa kunamdhuru mtoto anayenyonya hawakukosea kabisa, ila si kwa jasho wala kwa kumshika bila kuoga. Baba akileta maambukizi mapya ya VVU nyumbani wakati mama ananyonyesha, hatari kwa mtoto ni kubwa sana, kwa sababu katika wiki za mwanzo za maambukizi virusi huwa vingi mno mwilini, yakiwemo maziwa, na mama hajui. Kwa hiyo kipimo cha VVU cha wakati wa ujauzito hakitoshi, mrudie wakati wa kunyonyesha, baba na mama. Akikutwa navyo, hiyo si sababu ya kukimbilia kumwachisha mtoto. Mama anayemeza dawa za kufubaza VVU kila siku, akafuatiliwa kliniki na mtoto akapewa dawa za kinga na kupimwa, anaruhusiwa na kushauriwa kunyonyesha.

Kwa hiyo tubaki na hayo matatu. Kinachotakiwa kuachwa ni kidole kinachomwelekea mama.

Ilipogonga nyumbani kwangu

Mwanangu wa pili, binti, alipofikisha miezi 7, uzito wake ulisimama. Miezi miwili mfululizo mstari kwenye kadi ulilala badala ya kupanda. Alikuwa na vihoma vya kuja na kuondoka, ananyonya kidogo na kuacha.

Mama mkwe alikuwa kwetu wakati huo. Ni mwanamke mwenye heshima zake, hakunitamkia neno. Alimwita mwanawe jikoni, akamwuliza kwa sauti ya chini: "Baba, lakini mnaishi vizuri?" Nilikuwa koridoni na nguo za mtoto mkononi. Kila mwanamke aliyezaliwa huku anajua swali hilo linauliza nini.

Mume wangu akamjibu kwa adabu: "Mama, tunaishi vizuri. Kesho tunampeleka mtoto hospitali, naomba twende wote."

Tukaenda wote watatu na mtoto wa nne. Daktari alisoma kadi kwanza, kurasa zote, akauliza mtoto anakula nini, mara ngapi, anakojoaje, homa ilianza lini. Akaagiza mkojo. Mwenye mtoto mchanga wa kike anaijua kazi ya kukinga mkojo: tulikaa karibu saa nzima, bibi mtu ameshika kikopo, mimi nanyonyesha, baba anafungua na kufunga bomba ili mtoto asikie maji. Majibu yakaonesha maambukizi kwenye njia ya mkojo. Kwa watoto wadogo ugonjwa huo hauna dalili kubwa kama kwa watu wazima, unaweza kuonekana kwa homa na kutoongezeka uzito tu. Alipewa dawa, akachunguzwa figo, na kliniki iliyofuata mstari ukaanza kupanda.

Tangu siku hiyo mama mkwe amekuwa wakili wa watoto mtaani kwao. Akisikia mtu anaanza na habari za kubemenda, anamkata: "Mmempima mkojo?" Hata kama mtoto anaumwa kikohozi, yeye atauliza mkojo. Tunacheka, lakini ninajua kuna watoto waliofikishwa zahanati kwa sababu ya swali hilo.

Nawasimulia haya kwa sababu moja. Mama mkwe hakubadilishwa na mabishano. Alibadilishwa na kuingia chumba cha daktari na kusikia maswali yanayoulizwa pale. Ukiwa na mzee anayeamini neno hili, usimtolee maneno makali. Mchukue mwende naye.

Cha kufanya mtoto asipoongezeka

Kwanza, soma kadi. Mstari wa uzito unaopanda ni habari njema hata kama mtoto wako ni mwembamba kuliko wa jirani, kwani kuna watoto wembamba wazima kabisa. Mstari uliolala miezi miwili, au unaoshuka, ni wa kwenda nao kwa mhudumu na kuuliza sababu, usiridhike na kuandikiwa kilo na kurudishwa nyumbani.

Pili, omba apimwe mkono kwa ile tepe yenye rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kati ya hapo na 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Utapiamlo mkali unatibika, kuna vyakula dawa maalumu kwa ajili yake. Na usidanganywe na unene: mtoto aliyevimba miguu yote miwili, ukibonyeza kwa kidole pakabaki shimo, huyo ni mgonjwa hata kama mashavu yamejaa.

Tatu, endelea kunyonyesha. Ziwa likiondolewa kwa sababu ya maneno ya watu, mtoto aliyekuwa na tatizo moja anakuwa na mawili. Akiwa chini ya miezi 6, maziwa yako pekee yanatosha, hata maji hahitaji, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa hayo ni maji. Akifikisha miezi 6, ongeza chakula: mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4, ziwa likiendelea. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, na usiwe mtupu. Weka karanga zilizosagwa vizuri, au maziwa, au mafuta kidogo. Ponda maharage, yai, parachichi, mchicha, samaki aliyetolewa miiba. Dagaa waliosagwa hawana gharama kubwa na wanajenga mwili.

Nne, angalia hatua zake. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe akifikisha miezi 9, au asiyetembea akifikisha miezi 18, achunguzwe. Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, asisubiri hata wiki. Na mtoto yeyote anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke vizuri, huyo anakwenda hospitali usiku huohuo.

Tano, na hili ni la akina baba. Mama anayesemwa hujificha. Anamfunika mtoto kwa kitenge, anaacha kwenda kliniki kwa sababu anajua macho yatakayomtazama akimvua nguo mtoto kwenye mzani. Wewe ndiye unayeweza kuuvunja ukimya huo. Beba mtoto mwenyewe siku ya kliniki. Mama yako akikuuliza swali la jikoni, mjibu kwa heshima, lakini mjibu, usiinamishe kichwa ukamwachia mkeo msalaba huo. Na kama umekuwa ukilitumia neno hili kama ruhusa ya kulala nje, basi elewa kwamba anayemweka mtoto hatarini kwa magonjwa ni wewe, na hakuna maji ya kuoga yatakayoliondoa hilo.

Kwa wahudumu wa afya wanaosoma ukurasa huu nina ombi dogo. Tunajua wengi wenu mmekulia mitaa hiihii na neno hili mmelisikia tangu utotoni. Mama akifika na mtoto aliyekonda, asilione kwenye macho yenu. Mwulizeni kuhusu chakula, homa, choo na kikohozi. Akitoka hapo akiwa ameulizwa hayo tu, mwezi ujao atarudi.

Na wewe mama unayesoma hii usiku, simu mkono mmoja na mtoto titini, huku umeambiwa au unahisi unasemwa: hujamharibu mtoto kwa kuwa mke wa mumeo. Maziwa yako ni safi. Mnyonyeshe alale, weka kadi kwenye mkoba, na asubuhi mtangulie kliniki kabla foleni haijawa ndefu.